Nyekundu Nne Kutoka Paa la Kayole

Wiki niliyorudisha funguo za kibanda cha taa za uwanja wa ndege, Akinyi, aliyechukua nafasi yangu, aliniuliza jambo ambalo nadhani wengi wenu mlikuwa mkijiuliza kimoyomoyo. Kila jioni kabla ya kutoka kazini nilipiga simu nyumbani, nikauliza "Ngapi?", nikasikiliza, nikakata. Baadhi yenu mlidhani nahesabu watoto. Mmoja wenu, simtaji, alieneza kwamba nacheza kamari. Nilimwambia Akinyi nitaandika, kwa sababu jibu lake haliishi kwa kikombe kimoja cha chai. Basi jibu ndilo hili, na ndani yake mtakuta karibu kazi yangu yote. Habari za vyeo na mishahara nimeziacha. Vyote viwili vilinipita njiani bila kusimama kunisalimia.

Niliacha shule kidato cha pili, mama alipomfuata baba. Nilikuwa kifungua mimba. Nyuma yangu alikuwepo Mumbua, aliyekuwa shule ya msingi, na Kyalo, aliyekuwa bado anabebwa mgongoni. Baada ya mazishi mjomba alikuja kutoka Mwingi na mpango wake: Mumbua aende kwa shangazi, Kyalo aende naye, mimi nitafutiwe nyumba ya kufanya kazi mjini. Lilikuwa wazo la mtu mwenye huruma na nyumba ndogo, na mpaka leo simlaumu. Nilimwambia hatugawanyiki.

"Utawalisha nini?" aliniuliza.

"Nitatafuta."

"Na usipopata?"

"Nitaendelea kutafuta, mjomba."

Aliacha gunia la mahindi alilokuwa ameleta, akarudi Mwingi bila mtoto hata mmoja. Kila mwaka baada ya hapo alituma gunia jingine. Namshukuru kwa magunia, na namshukuru zaidi kwa kutobishana.

Tulipata chumba Kayole, orofa ya juu kabisa, ile ambayo hakuna aliyeitaka kwa sababu maji hayakupanda na ngazi zilimaliza magoti. Juu yetu kulikuwa na paa tambarare lenye matangi na kamba za nguo. Na juu ya paa zilipita ndege. Mnaujua uwanja wetu ulivyo mdogo, na mnajua ndege zinazotua jioni zinatokea upande gani. Kila moja ilipita juu ya chumba chetu, vikombe vikagongana kabatini. Kyalo alizoea kulala na mlio huo kabla hajajua kutembea.

Kazi ya kwanza niliyopata hapo uwanjani ilikuwa ya kufyeka nyasi, kibarua cha siku kwa siku. Nilikwenda na buti nilizonunua Gikomba, zote za kiume, moja kubwa kuliko mwenzake. Nilidhani nyasi zinakatwa ili pawe pazuri. Siku ya kwanza sikuuliza, nilifyeka tu. Lakini kando ya lami, upande wa kushoto kwa ndege inayokuja, nilikuta masanduku manne ya chuma yamepangwa mstari, kila moja na kioo chake mbele. Niliogopa fyekeo lisirushe jiwe, nikaweka fyekeo chini, nikang'oa nyasi za pale kwa mkono.

Mzee mmoja mwenye kofia ya vito, ile ya kudariziwa kwa mkono, alikuwa ananitazama kutoka mlango wa kibanda.

"Nani kakufundisha hivyo, binti?"

"Hakuna. Nimeona kioo."

"Jina lako?"

"Mutheu."

"Kesho usiende kwa wafyekaji. Njoo kwangu."

Huyo ndiye Mzee Swaleh. Wengi wenu hamkumkuta. Alizaliwa Majengo ya Pumwani, baba yake alitoka Lamu, na Kiswahili chake kilinifanya nione haya kufungua kinywa. Alikuwa mtu wa taa na rangi. Taa zote za uwanja na kila mstari mweupe kwenye lami vilikuwa mikononi mwake, na baadaye vikawa mikononi mwangu.

Somo lake la kwanza hakulitoa kwa maneno. Aliwasha yale masanduku manne, akanipeleka hatua chache mbele yake, akaniambia nichuchumae.

"Unaona rangi gani?"

"Nyekundu. Zote nne."

"Inuka taratibu. Usiruke kama panzi."

Niliinuka. Taa ya mwisho, ile iliyo mbali zaidi na lami, ikageuka nyeupe. Nikaendelea kuinuka, ya pili yake nayo ikawa nyeupe. Akaniwekea ndoo nipande juu yake, na zote zikawa nyeupe. Nilichuchumaa na kuinuka mara nyingi hadi wafyekaji wakaanza kucheka. Mzee Swaleh hakucheka.

"Rubani anayekuja kutoka kule anaona hivyo hivyo," alisema. "Nyeupe nne, yuko juu mno. Nyekundu nne, yuko chini mno. Nyeupe mbili na nyekundu mbili, yuko pale anapotakiwa. Sanduku halina akili. Limeelekezwa tu. Likiinama kidogo linasema uongo, na linasema kwa sauti ile ile ya ukweli."

Ndipo alipotoa pimamaji yake, ya mbao, pembe zake zimevalishwa shaba, akaniweka mbele ya sanduku la kwanza. Tulipima kila asubuhi. Nilipoulizwa kazi yangu ni nini, niliwaambia watu kwamba natazama kiputo kikikaa katikati. Hawakuuliza tena.

Taa ni msaada tu, na ni lazima niseme hivyo kwa sababu kuna siku nilizipenda kupita kiasi. Aliyenirudisha chini ni Kapteni Wanjala, aliyekuwa akiruka na ndege ndogo za abiria wa kaskazini. Alikuwa na mazoea ya kunywa chai kibandani kwetu, akidai chai ya ofisini ina ladha ya karatasi. Siku moja nilimuuliza angefanyaje taa zikizimika.

"Ningetua," alisema.

"Kwa kutumia nini?"

"Macho, Mutheu. Nilikuwa nayo kabla ya taa zenu."

Akachukua kipande cha chaki akachora lami yetu juu ya meza. Nikiwa juu mno, alisema, lami inasimama wima mbele yangu, ndefu na nyembamba kama ngazi iliyoegemezwa ukutani. Nikiwa chini mno inalala, fupi na bapa, kama chapati. Katikati yake kuna umbo moja tu ambalo ni sahihi, na hilo nimelibeba kichwani. Halafu nachagua pale mlipopaka zile baa mbili pana nyeupe, milia ya kulengea. Zikitulia mahali pamoja kwenye kioo changu, ndipo nitakapofikia. Zikipanda kiooni, nitafika chini kabla yake. Zikishuka, nitazipita. Na mwisho kabisa natazama nyasi. Kwa mbali ni zulia. Zikianza kuwa jani moja moja na kukimbia pembeni, navuta usukani.

"Kwa hiyo nyasi hazikatwi kwa uzuri," nilisema.

"Nani alikwambia ni kwa uzuri?"

Mzee Swaleh alimuuliza macho nayo huwa yanakosea lini. Wanjala alitaja mambo mawili ambayo sikuyasahau. La kwanza, lami ya upana tofauti na uliyoizoea. Nyembamba inakufanya ujione uko juu kuliko ulivyo, ukashuka bila sababu. Ndiyo maana mistari ya pembeni hatukuisogeza ndani hata siku moja, ingawa lami ilikuwa ikimeguka kingo na ingekuwa rahisi. La pili ni moshi. Kitu kilicho nyuma ya moshi kinaonekana mbali. Kikiwa mbali unadhani bado una nafasi, unadhani uko juu. Unashuka.

"Na moshi hapa haukosi," alisema, akielekeza kidole upande wa jaa la Dandora. "Siku hizo natafuta vitu ambavyo najua ukubwa wake. Nyumba. Matangi ya maji. Wewe unakaa wapi?"

"Kayole. Orofa ya juu." Nikamweleza ni jengo lipi.

"Lile lenye kamba nyingi za nguo? Nalijua vizuri. Nikiona rangi za nguo zenu, niko sawa. Nikiona vibanio, nimekosea."

Tulicheka. Mzee Swaleh hakucheka wakati huo pia. Alikuwa amekunja uso kama mtu anayepiga hesabu.

Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, alikuja nyumbani kwetu. Alipanda ngazi zote akipumzika kila orofa, na mkononi alikuwa na mfuko wa kaimati. Alisalimia, akampa Mumbua mfuko, akaomba kuonyeshwa paa. Kumbe kwa miaka mingi alikuwa na desturi ya kupanda paa fulani mtaani, lililo chini ya njia ya ndege, kuzitazama taa zake kutoka upande wa rubani. Jengo jipya lilikuwa limesimama mbele ya paa hilo likaziba. Alikuwa anatafuta jingine.

Kutoka juu yetu lami ilionekana mwisho wa mapaa ya mabati, na kando yake vitone vinne vyekundu.

"Nyekundu nne," alisema, akashusha pumzi. "Vizuri. Hapa tuko chini kabisa ya mteremko wa ndege. Kutoka hapa zinatakiwa ziwe nyekundu zote, kila siku, milele. Ukiona nyeupe hata moja, taa inadanganya."

Mumbua alikuwa na kaimati mdomoni. "Inamdanganya nani?"

"Anayekuja juu ya kichwa chako, binti yangu."

Mumbua alimeza, akatazama juu, kisha akatazama mlango wa ngazi ambako Kyalo alikuwa amekaa akicheza na kifuniko cha sufuria. Kuanzia jioni iliyofuata alikuwa anapanda kuzitazama bila kutumwa, na mimi nikirudi nyumbani, kabla ya salamu, ananiambia, "Nne." Simu za mkononi zilipofika nikaanza kumuuliza kabla sijatoka kazini. Hiyo ndiyo kamari yangu.

Hapo ndipo kazi ilipobadilika kwangu. Nilikuwa nimemwambia mjomba hatugawanyiki, na sasa nilijua ni nini kilichopita kila jioni juu ya wale niliokataa kuwagawanya. Kiputo cha pimamaji kilipokaa katikati nilikuwa najua kimekaa katikati kwa ajili ya nani.

Miaka ya katikati sitaisimulia sana. Ilikuwa rangi, balbu na mbwa. Baa za kulengea zinakuwa nyeusi kwa matairi, unazipaka, zinakuwa nyeusi tena. Mbwa wa mtaani wanapenda joto la masanduku na hakuna ua uliowahi kuwazuia. Pakeni rangi asubuhi kabla lami haijapata moto, na msimwamini mtu anayewaambia koti moja la rangi linatosha. Futeni vioo kwa kitambaa cha pamba. Fulana kuukuu ndiyo bora, na katika hilo niliwashinda wote, maana Mumbua alikuwa amekua akaanza kuuza mitumba. Alinunua Gikomba, akafua, akaanika juu ya paa, akapiga pasi, akauza Kayole. Zilizochanika zilikuja kwangu. Vioo vya uwanja ule vimefutwa kwa fulana za nchi nyingi.

Mzee Swaleh alipostaafu alinipa pimamaji. Hakutoa hotuba. Alisema, "Usiianike juani," akavaa kofia yake vizuri, akaenda. Alifariki miaka michache baadaye, na nilikaa na mabinti zake Majengo siku tatu za matanga. Hawakuniuliza mimi ni nani kwao. Walikuwa wanajua.

Sasa nifike kwenye ile jioni.

Kiangazi kilikuwa kirefu mwaka huo. Mnaujua udongo wetu mweusi. Ukikauka unapasuka nyufa ambazo spana ikiangukia humo hairudi, na ukinywa maji unavimba kama unga uliotiwa hamira. Asubuhi nilipima masanduku yote, kiputo kikakaa. Mchana mvua ikashuka, ya kwanza ya msimu, nzito, ikamimina ndani ya nyufa zile zote kwa pamoja. Alasiri ikakatika ghafla. Jaa lilikuwa limeloa huku linaungua chini kwa chini, na moshi wake haukupanda. Ulitambaa juu ya mapaa upande ule ule wa ndege kuja, mzito, rangi ya maji ya kufulia.

Ndege iliyobaki ilikuwa ya Wanjala, kutoka kaskazini, na abiria. Nilikuwa mlangoni pa kibanda navua buti zilizojaa matope. Simu ikalia. Ilikuwa ya Mumbua, na Mumbua hakuwa na desturi ya kunipigia. Mimi ndiye niliyekuwa nampigia.

"Dada, taa zako zina nini?"

"Kwa nini?"

"Niko juu naanua nguo. Naona nyeupe."

"Ngapi?"

"Mbili. Nyeupe mbili, nyekundu mbili."

Nataka mlielewe hilo vizuri, nyinyi mtakaobaki na funguo. Nyeupe mbili na nyekundu mbili ndizo habari njema kuliko zote ambazo rubani anaweza kupewa. Zinamwambia yuko pale pale anapotakiwa. Na Mumbua alikuwa anaziona akiwa amesimama juu ya paa, kati ya shuka. Masanduku mawili ya mwisho yalikuwa yameinama mbele. Yasingemvuta Wanjala chini, hapana. Lakini kama moshi ungemvuta, yangemwambia endelea, uko sawa, mpaka kwenye kamba za nguo.

"Kyalo yuko wapi?" nilimuuliza.

"Amelala. Leo ana zamu ya ulinzi usiku." Kisha akasema, "Naisikia inakuja."

Taa hazizimwi bila amri ya mnara. Kanuni hiyo ni nzuri na naomba muishike. Nikachukua redio nikamwita Cherono, aliyekuwa akiongoza ndege jioni hiyo.

"Cherono, taa za mteremko zimeinama. Niruhusu nizime."

"Nani amesema zimeinama? Si ulipima asubuhi?"

"Kabla ya mvua. Mumbua anaona nyeupe mbili kutoka chini."

"Mumbua ni nani?"

"Dada yangu. Yuko juu ya paa Kayole, anaanua nguo."

Redio ilinyamaza. Nimewaza mara nyingi juu ya kimya kile. Cherono alikuwa binti kijana, amesoma, ana ndege moja hewani na mwanamke asiyemjua juu ya paa. Angeweza kuniambia nikapime kwanza. Angekuwa na haki.

"Una uhakika na macho yake?" aliuliza.

"Kuliko yangu."

"Zima. Mimi nitamwambia Wanjala."

Nikashusha mkono wa swichi. Redio yangu ilikuwa wazi, nikawasikia.

"Kapteni, nimezima taa za mteremko. Haziaminiki. Tazama nje."

"Nje kuna moshi, mama," alisema Wanjala kwa ile sauti yake ya kuomba sukari.

Nilisimama matopeni na soksi. Sikuiona ndege, niliona ule ukungu mchafu tu, na nilijua kila kilichokuwa chini yake: matangi, kamba, mlango wa ngazi, kitanda cha Kyalo chini ya dirisha. Nilisikia injini ikija kwa mlio wa kawaida wa kushuka. Halafu mlio ukabadilika, ukawa mzito, ukapanda. Ndege ikatokea juu ya moshi, pua imeinuka, ikapita juu ya lami bila kuigusa, ikazunguka upande wa mashariki. Wanjala alisubiri huko hadi upepo ulipousukuma moshi kando, akarudi akatua bila taa, katikati ya baa zangu mbili. Nilikuwa nimezipaka mwezi huo huo. Makoti mawili.

Abiria walipoteremka alikuja kibandani kwa miguu. Hakuomba chai. Nilikuwa tayari nimepiga magoti mbele ya masanduku na pimamaji. Udongo ulikuwa umevimba nyuma ya vitako vya zege, ukayasukuma masanduku mawili yakainamia mbele, na kiputo kilikuwa kimekimbilia ncha moja kama kinataka kutoka.

"Moshi ulikuwa unaniambia niko mbali, nishuke," alisema Wanjala. "Taa zikaniambia uko sawa baba, endelea. Nilikuwa nimestarehe kabisa, Mutheu. Zilipozimika ndipo nikatazama chini kutafuta mapaa yangu."

"Ukaona nini?"

"Vibanio." Alivua kofia, akaivaa tena. "Na mwanamke. Amesimama kati ya shuka, amenyoosha mikono yote miwili, ananipungia kama anafukuza kuku."

Nilirudi nyumbani kwa miguu nusu ya njia kwa sababu sikuweza kutulia garini. Mumbua alikuwa anapiga pasi.

"Kwa nini hukukimbia?" nilimuuliza.

"Nikimbilie wapi, na Kyalo amelala chini?" Akageuza shati. "Halafu shuka zilikuwa zimeanza kukauka. Mvua ilikuwa inarudi."

Nyuma ya pazia Kyalo akajinyoosha. "Niaje, dada. Kuna chai?"

"Umelala muda wote huo?"

"Ndege ndio zinanibembelezanga," alisema, na Mumbua akaweka pasi chini akaanza kucheka, akacheka hadi akalia, na mimi pia. Kyalo alitutazama kama watu waliorogwa, akajimiminia chai mwenyewe.

Ofisi ilifanya lililofaa bila kusukumwa, na hilo nalo ni la kushukuru. Udongo mweusi ulichimbwa wote chini ya masanduku, ukajazwa changarawe, zege ikamwagwa upya, na baadaye zikaja taa hizi mlizonazo sasa, zinazojizima zenyewe zikiinama. Cherono aliandika namba ya Mumbua ukutani mnarani, bila maelezo. Aliyemfuata aliikuta hapo, naye hakuifuta.

Jumapili moja Wanjala alikuja Kayole kumwona mwanamke wa shuka. Alifika juu akihema, amevaa shati jeupe la kazini, na Mumbua akamwonyesha mahali aliposimama. Aliitazama lami mwisho wa mabati, fupi na bapa kama chapati.

"Kwa hiyo hivi ndivyo mnavyotuona tukija," alisema.

"Na wewe unatuonaje?" Mumbua akamuuliza.

"Wadogo. Mnatakiwa muwe wadogo. Siku mkiwa wakubwa ni mimi nimekosea."

"Basi endelea kutudharau, kapteni," alisema Mumbua, akamkaribisha chai.

Kyalo sasa ana watoto, na wanakaa orofa iliyo chini ya yetu. Mumbua bado anaanika nguo. Mjomba aliishi akatuona sote watatu tumekaa meza moja siku ya harusi ya Kyalo, akaniambia sikioni kwamba aliyekuwa na mpango mbaya ni yeye. Nilimwambia hapana, mpango wake ulikuwa mzuri, ila sisi tulikuwa na paa.

Pimamaji nimemwachia Akinyi. Usiianike juani. Najua taa mpya zina akili zake, na najua kitabu cha kazi hakisemi lolote kuhusu Kayole. Lakini jioni sasa ni mimi ninayepanda, polepole, nikipumzika kila orofa kama Mzee Swaleh, na kusimama kati ya fulana zinazodondoka maji. Jana simu ililia saa ile ile.

"Ngapi, mama?" Akinyi aliuliza.

"Nne."

Akakata bila kuaga, kama nilivyomfundisha. Nikabaki na Mumbua tukishikilia shuka kila mmoja upande wake, tukiikunja, na ndege ya jioni ikapita juu ya kamba. Ilikuwa ndogo, kama inavyotakiwa.